Keziah Nyaboke Anastaafu, Ramani Yake Inabaki Ukutani

Ijumaa, tarehe 29 Machi 2019, Muuguzi Keziah Nyaboke anakamilisha miaka ishirini na miwili ya kazi katika kituo chetu cha kutunza wazee hapa Burnsville. Alianza kama msaidizi wa zamu ya asubuhi, akasoma jioni hadi akapata leseni ya uuguzi, kisha akawa msimamizi wa ghorofa ya pili. Wazee wa ghorofa hiyo hawali uji wenye madonge. Aliyewahi kujaribu kuwapa anajua kilichompata kwa Keziah.

Siku za mapumziko, Keziah huteleza kwenye theluji. Alijiunga na kikundi cha skii cha wafanyakazi akiwa amepita miaka hamsini. Msimu wa kwanza alianguka sana, na kila alipoanguka alicheka kuliko waliomtazama.

Safari isiyosahaulika ni ya Februari 2014, katika misitu ya kaskazini, juu ya Ziwa Superior, mbali na njia zinazosawazishwa kwa mashine. Walikuwa watatu: Keziah, Merveille wa jikoni, na Zadock wa fiziotherapia, aliyekuwa kiongozi. Kila mmoja alipakua ramani kwenye simu mapema ili GPS irekodi njia watakayopita. Zadock aliifunga simu yake kwenye mkanda wa begi, picha zisimpite. Merveille aliiweka yake kwenye mfuko wa nje wa koti. Keziah aliiviringisha kwenye leso, akaisukumiza kifuani chini ya sweta mbili, kama mama yake alivyoficha pesa za ndizi sokoni Kisii.

“Mama Keziah, ile ni simu, haiko franga ya soko!” Merveille akamtania, akiziita pesa franga kama kwao.

“Wacha ikae na joto. Hata wewe ungependa.”

Saa nane mchana theluji ilianza kumwagika, ikafuta alama za skii zao. Gari lilikuwa maili tatu nyuma, na giza lilikuwa njiani. Zadock akatazama simu yake: baridi ilikuwa imeizima. Ya Merveille pia. Ya Keziah ilikuwa na nusu ya chaji, na njia yote waliyojia ilionekana kwa mstari wa bluu.

Kwenye kijito kilichoganda, Zadock alisisitiza waende kushoto.

“Zadock, wewe ni mtu wa magoti ya watu. Njia niachie mimi,” Keziah akasema, akafuata mstari wa bluu, akakata kulia.

Waliliona gari kukiwa bado na mwanga. Wakaimba pambio palepale maegeshoni.

Kwa furaha hiyo, Keziah alisahau kusimamisha rekodi. Simu ikaendelea kuchora: barabara ya I-35 kushuka kusini, duka la mtaa wa Cedar-Riverside aliponunua unga wa ugali, hadi mlangoni kwake Burnsville. Kwa mujibu wa ramani hiyo, aliteleza kwa kasi ya maili sabini kwa saa na kuingia dukani bila kuvua skii. Tuliichapisha, tukaitundika kwenye chumba cha chai. Wageni wakiuliza, tunawaambia ni rekodi ya jimbo.

Tangu hapo kikundi hakiondoki kabla kila simu haijaingia chini ya sweta. Zadock ana mfuko maalumu wa kifuani, alioshonewa na Keziah mwenyewe.

Keziah, asante kwa wazee wetu, na asante kwa wawili uliowarudisha kutoka msituni. Mungu akujalie afya na misimu mirefu ya theluji. Kazini tumekuaga, kwenye safari za Jumamosi hatujakubali. Kiti cha mbele cha gari ni chako, na Merveille ameshaambiwa akae nyuma.