Sindano ya Pili ya Mukonyo

Mgeni rasmi, Bwana Daktari wa Wilaya, karibu kambini kwetu. Kama viatu vyako vimepata matope, tuwie radhi. Mvua tuliiomba kwa ajili ya kahawa, hatukukumbuka wageni.

TULIKOTOKA

Sisi ni vibarua wa kahawa hapa Ruiru. Wengine ni wa papa hapa, wengine tumetoka Ukambani. Maji tunayokunywa ni ya mto, nao unapita kwenye kambi nyingine kabla ya kutufikia. Mvua zilizopita homa ya matumbo iliingia kila nyumba. Tulizika watoto, na uchungu huo bado tunao.

TULICHOPATA

Mwezi uliopita dresa wako wa zahanati, Bwana Kagwe, alituletea chanjo ya homa hiyo. Ilikuwa ya wafanyakazi peke yao. Mukonyo, mwenzetu, alidungwa, akaenda nyuma ya ghala, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akarudi kwenye mstari.

"Wewe si nimekudunga?" Bwana Kagwe akauliza.

"Labda ulimdunga dada yangu," akajibu, naye hana dada. Akadungwa tena.

Jioni mkono ukavimba, homa ya sindano ikampanda. Akiwa na macho wazi aliona maziwa yake yakishuka polepole ndani ya mwanawe Musau, meupe, yakizunguka tumbo lile dogo na kuufungia ugonjwa mlango mmoja baada ya mwingine. Alisikia raha ambayo hakuijua tangu azike mtoto wake wa kwanza. Alitabasamu mpaka majirani wakaingiwa na hofu.

"Ile ya pili ni ya Musau," alituambia. "Bado ananyonya. Itampitia kwa maziwa."

Wanaume tulicheka. Kina mama walitazama chini, kwa maana wengi wao walikuwa wamerudi mstarini vilevile.

Bwana Kagwe alipopata habari alieleza kwa upole kwamba sindano ya mama haimkingi mtoto. Mukonyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba aeleze tena, pengine kuna njia.

TUNALOOMBA

Tulitaka kuomba bomba, na shule, na barabara. Hayo tumeyaweka kando. Mto umeshabadilika rangi, kama ulivyofanya kabla ya homa ile. Tunaomba watoto wetu wadungwe.

Mukonyo ndiye huyo aliyekaa mbele yako. Ukiona amemvua Musau shati katika baridi hii, si utovu wa adabu. Tumemwambia leo ni siku ya risala, si ya sindano. Amesema atangoja.

Mungu akufikishe kwako Thika salama, na akurudishe upesi.

Ni sisi,
Vibarua wa Kambi ya Chini,
Ruiru, Aprili 1958