Nipo Darasani

Kwenye Noah ya abiria kutoka Tumati kwenda Mbulu, mwalimu kijana alimwamkia mzee aliyeketi mbele yangu. Mzee aliitikia marahaba, na hapohapo akaanza. "Wewe si yule mwalimu wa darasa la tatu, anayepanda kilimani kila asubuhi na simu? Mjukuu wangu Marieta anasema ukitoka wanabaki kupigana tu. Kijiji kizima tunajua una mchumba Babati."

Nilijifanya napanga vitunguu saumu vyangu kikapuni. Habari za wachumba sipendi zinipite.

"Mchumba!" mwalimu alisema. "Mzee, mimi naripoti! Kila siku saa mbili asubuhi lazima nijaze kwenye mfumo kwamba nipo darasani. Darasani hakuna mtandao. Kwa hiyo natoka darasani, napanda kilimani, naandika nipo darasani."

"Si useme ukweli, kwamba upo kilimani?"

"Nilisema. Mfumo ukaniandika mtoro. Sasa naenda mjini kujieleza, na watoto wamebaki peke yao tena."

"Na Marieta hajui kusoma mpaka leo."

"Najua!" Sauti ilimpanda hadi dereva akageuka. "Lakini mfumo hauulizi kama Marieta anasoma. Unauliza kama mimi nipo!"

Tulikuwa tunakipanda kilima chenyewe, na tulipofika juu simu ya mwalimu ikapata mtandao, ikaanza kulia mfululizo. Saa mbili kamili. Mzee akagonga kiti cha dereva.

"Simama, kijana. Mwalimu amefika darasani."

Gari likasimama.