Penseli ya Seremala

Macho hayana pazia, na masikio hayana mlango. Hivyo bibi aliyeketi nyuma ya abiria wawili ndani ya basi aliyasikia yote. Mmoja, kinyozi, alikuwa amekikodolea macho kidonda nyuma ya sikio la abiria wa kando yake, seremala asiyemjua.

"Fundi, niwie radhi. Kina muda gani hicho?"

"Mwaka. Hukauka, kikatoa damu, kikakauka tena. Ni penseli tu, huichomeka hapo nikiwa kazini."

"Si uihamishie sikio la pili?"

"Nilikwisha kuihamisha, miezi mitatu sasa."

Bibi akapiga hesabu kimoyomoyo. Kinyozi naye. "Basi umeisingizia penseli, kaka. Mteja wangu alikuwa na kama hicho. Walimkata kipande kidogo cha ngozi, wakakipima: saratani. Wakamtia ganzi, wakaiondoa yote, na jioni alikuwa kwake akibishana kama wewe."

"Saratani! Kidonda kisichouma?"

"Hata chake hakikuuma."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Kinyozi akakunja miguu kumpisha seremala ashuke. Seremala akaichomoa penseli kwenye sikio la pili, akaigeuzageuza. Bibi, ambaye kituo chake kilikuwa mbali bado, akajikuta amekishika kiti cha mbele kana kwamba anayeshuka ni yeye.