Filamu ya Vilja Ipewe Miaka Mingapi

Benchi si mali yangu, ni la manispaa, ila kahawa ni yangu, na katika mji mzima wa Kajaani sijaona mtu anayethubutu kukaa pale bila kupita kwanza dirishani kwangu mimi, Aune. Kibanda changu kinatazama stendi ya mabasi. Ukifika mwezi wa nne, theluji bado imejazana pembeni mwa barabara lakini jua limeanza kuwa na utu, basi watu wangu hutoka majumbani wakaja kukalia benchi bichi kama vile wamelipwa. Kikombe cha kwanza unanunua, cha pili ni bure, ndiyo desturi, na midomo hufunguka kwenye hicho cha bure. Wa kwanza kufika siku zote ni Mbao, jina lake Urho, mstaafu wa kiwanda cha kupasua mbao, ambaye ukimsalimia anafikiri kwanza ndipo anajibu. Anafuatia Filimbi, aliyekuwa refa maisha yake yote. Mechi ziliisha zamani, yeye hajaisha.

Jumatano ile walikuja na wengine wawili. Mmoja ni Podi, kijana wa makamo tunayemwita hivyo kwa sababu ya podikasti yake, kipindi cha mtandaoni ambamo anasimulia mizimu ya kumbi za dansi zilizofungwa. Wa pili ni Vilja. Huyu anatengeneza filamu peke yake, kwa kamera yake na kwa mshahara wa kupika hospitalini, na asubuhi ile alikuwa ameikumbatia laptopu yake kifuani utadhani kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Filimbi akataka kujua kulikoni. Podi akaeleza, na mimi nikasogea dirishani, maana umbea wa kazi ya watu naupenda kuliko umbea wa ndoa zao.

Filamu ya Vilja ilikuwa ioneshwe Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba, lakini maktaba haioneshi kitu bila alama ya umri: ya wote, miaka saba, kumi na mbili, kumi na sita, kumi na nane. Alama hutolewa na mkaguzi aliyesomea, na ada ya mkaguzi ingemeza zaidi ya gharama ya filamu yenyewe. Kwa hiyo watengenezaji wadogo watano wa filamu na vipindi wa hapa mjini walifanya kama wanavyofanya watu wa huku paa likivuja: msaragambo. Walichanga wakampeleka mmoja wao kusomea ukaguzi, naye awakague wengine bure. Wao wanampasulia kuni za majira ya baridi. Waliyempeleka ni Podi. Kuni zilishapasuliwa, na filamu ya Vilja ndiyo ya kwanza.

— Sasa tatizo liko wapi? Filimbi akauliza. Si umesoma?

— Nimesoma. Fomu inaniuliza kama kuna kitu cha kumtisha mtoto. Mimi sina mtoto, nina paka.

— Na nikipewa kumi na mbili nimekwisha, Vilja akasema.

Baba yake, Eino, ndiye aliyemo ndani ya filamu. Anaendesha teksi ya shule kule kijijini, kila asubuhi anakusanya wale wadogo wa darasa la kwanza na la pili nyumba kwa nyumba. Amekubali kuja Jumamosi kwa sharti moja tu, abiria wake nao waalikwe. Wasipoingia wao, yeye haji. Na Vilja aliitengeneza filamu ile ili baba yake aione akiwa amekaa katikati ya watu.

Jua lilikuwa linapiga kioo cha laptopu, hakuna kinachoonekana. Mbao akavua koti lake la manyoya, wakajifunika vichwa, yeye, Filimbi na Podi, nje ikabaki miguu. Nami nikatoka kibandani nikaingiza kichwa kwa nyuma. Vilja alisimama pembeni akijitafuna kucha.

Filimbi alitoka kwanza kwenye koti, nywele zimemsimama.

— Halali yote. Waingie wote.

— Mzee, kuna wanaume wanne uchi wa mnyama humo, Podi akasema.

— Wako sauna. Ulitaka wavae makoti?

— Fomu inauliza habari za uchi.

— Basi hiyo fomu haijawahi kuoga.

Podi akaandika, akafuta. Akataja kuchunwa kwa hirvi, yule mnyama wetu mkubwa wa msituni, damu kwenye theluji na kila kitu. Mbao akasema yeye alichuna wa kwanza kabla hajaanza shule, na usingizi haukumpungua. Podi akataja matusi, maana Eino anateleza gatini na kuangukia ziwani na yanamtoka mazito. Filimbi akamwambia mtu aliyeangukia maji ya barafu hatukani, anatoa taarifa.

Hapo kila mtu akaanza kuvumbua mitambo yake. Filimbi alitaka kadi: tukio la kutisha kadi ya njano, mbili zikifuatana umri unapanda. Podi, ambaye nilidhani ana akili, akasema afadhali kumfunga paka kipimo cha mapigo ya moyo, kwa sababu paka hajui kupendelea rafiki. Filimbi akamjibu kwamba paka ni mnafiki, kamuulize mbwa. Halafu akaja na la mwisho, kwamba filamu zote za nchi hii zioneshwe ndani ya sauna. Atakayekimbia kabla mvuke haujamchoma amekimbia filamu, basi tuhesabu umri wake. Nilicheka nikamwagikiwa na kahawa. Hata Vilja alicheka kidogo.

— Kumi na nane, Mbao akasema.

Alikuwa hajatoka kwenye koti bado.

— Ya nini, bwana Urho? nikamuuliza.

— Jikoni.

Ilibidi warudishe nyuma waangalie tena, na safari hii sote tulijua tunaangalia nini. Ni mkanda wa zamani, picha inatetemeka. Eino akiwa bado kijana anasuuza vikombe. Anafika kwenye kikombe kimoja chenye maua, anakishika, hakisuuzi. Anakaa. Halafu analia, kwa sauti, mdomo wazi, muda mrefu. Mama yake Vilja alikuwa amezikwa wiki hiyo. Filimbi akailalamikia picha, kwamba ukingo wa meza umekula nusu yake, kana kwamba mpiga picha alikaa sakafuni.

— Hirvi ni nyama, Mbao akasema. Sauna ni sauna. Lakini mtoto akimwona mwanamume mzima amevunjika namna ile, atashika nini? Baba yangu alirudi kutoka vitani, hatukuwahi kumwona hivyo. Alikwenda kibanda cha kuni akafunga mlango.

Sijawahi kumsikia Urho akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Na lililonisumbua ni kwamba nilimwona ana hoja. Filimbi naye akakubali kwa kichwa. Akamshauri Vilja, kwa upole usio wake, aikate tu ile sehemu, hakuna atakayejua.

— Nikiikata inabaki filamu ya kuwinda, Vilja akasema.

— Dada, mimi naona kumi na mbili, Podi akasema, na hakumtazama. Nisamehe. Nikikupendelea wewe wa kwanza, nani ataziamini alama zetu? Kazi yote ya wenzetu itakuwa bure.

Vilja hakubisha. Alifunga zipu ya jaketi lake mpaka kidevuni, akasema sawa. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, nisijue nimkasirikie nani, maana kijana wa watu alikuwa anafanya kazi yake.

Nyuma yetu alikuwa amesimama dereva wa basi la Kuhmo, mwanamke mgeni, anayeshika zamu ya mwenzake aliyeugua. Alikuja kununua kahawa akakuta dirishani hakuna mtu, akasubiri, na katika kusubiri akachungulia juu ya mabega yetu.

— Samahani, akasema. Nani alishika kamera?

Podi akaitazama fomu yake. Maswali yamejaa humo, uchi, damu, lugha, pombe, lakini hilo halimo. Sote tukamgeukia Vilja.

— Mimi, akasema.

— Kumbe ndiyo maana ya ile meza, Filimbi akasema taratibu.

— Ulikuwa na miaka mingapi? Podi akauliza.

— Saba. Kamera ilikuwa ya mama, nilikuwa naibeba kila mahali.

Basi la Kuhmo lilikuwa linanguruma tupu stendini, na dereva wake hakuonyesha haraka yoyote. Mbao alikuwa amelikalia koti lake. Alimtazama Vilja kwa muda, alivyo na desturi ya kufikiri kabla ya kujibu, ila safari hii hakuna aliyemuuliza kitu.

— Uliogopa? akasema.

— Alipokuwa analia, hapana. Nilimsogelea, utaona picha inasogea. Niliogopa alipoacha. Aliniona, akajifuta uso, akaniuliza kama nina njaa. Tangu siku ile sijamwona tena analia, na nimemtazama sana.

Mbao akanyoosha kikombe chake kwangu bila kunitazama. Nikainua termosi, nikaitikisa, hakuna kitu. Nilimwambia nitachemsha nyingine, akasema niache. Podi aliandika saba kwenye fomu, tarakimu moja tu, akaipulizia wino, na aliponyanyua uso macho yalikuwa mekundu. Filimbi aliitazama ile tarakimu na kwa mara ya kwanza hakupinga uamuzi wa mtu.

Urho akasimama, akavaa koti lililolowa.

— Jumamosi ni saa ngapi? akauliza.