Uji Aliopikiwa Lidia Mgaya

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Lidia Mgaya, tunayemzika leo hapa Yakobi, alizaliwa Lupembe tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa wakulima wa chai, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1983, na hakuendelea kwa sababu mikono yake ilihitajika shambani.

Mwaka 1989 alihamia Makambako, akapika uji wa lishe sokoni miaka thelathini na zaidi, na watoto wengi wa mji ule wamenawiri kwa mkono wake. Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na Edward, Mungu akawajalia watoto wawili, Esnath, ambaye ni muuguzi, na Brayson.

Februari 2022, akiwa na kilo mia moja na kumi na mbili, vipimo vilionyesha lehemu nyingi kwenye damu na mafuta kwenye ini, na daktari akamwagiza Edward kwamba mgonjwa azingatie lishe. Masikini Edward, alichosikia ni uji wa lishe, akarudi na furaha kwamba dawa iko jikoni, akawa anaukoroga mwenyewe kila asubuhi, karanga na sukari tele, siagi juu, hadi Oktoba, Esnath alipokuja likizo, akaona sufuria, akalia.

Ndipo ukaanza uji wa shayiri isiyokobolewa, unaoteleza kama mlenda, na Esnath akaeleza kuwa utelezi huo ndio hunasa mafuta tumboni na kutoka nayo. Marehemu alilalamika kwamba hata mteja mwenye njaa angeukimbia, lakini akaunywa, lehemu ikashuka, mafuta ya ini yakapungua, tukafurahi mapema mno, maana ini lilikuwa limeshasinyaa. Januari 2025 tumbo lilianza kujaa maji, na tarehe 9 Juni, saa kumi alasiri, alifariki hospitalini Njombe.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na akina mama wa sokoni waliofunga vibanda vyao kuja kutushika mkono.

Edward hajala tangu msiba uanze, anasema amemuua mkewe kwa mwiko, na madaktari wakimweleza kuwa ugonjwa ulianza miaka mingi nyuma, haamini. Basi tunasoma ujumbe wa marehemu kama alivyomwachia Esnath, kwamba alijua tangu wiki ya kwanza daktari hakumaanisha uji ule, akanyamaza, akaunywa, kwa sababu alikuwa amepikia mji mzima na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpikia yeye.

Lidia wetu, Edward amesikia, upumzike kwa amani.