Bomba Alilolivunja Winrose Nzilani

Tumekuja hapa Masii kumsindikiza dada yetu Winrose Nzilani, ambaye aliagiza kwamba wasifu wake usitiwe sukari.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa Mama Kalekye. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani na sekondari mjini Machakos, kisha akahitimu chuo kikuu katika kemia mwaka 1982. Likizo moja alilowesha misumari kwenye siki ndani ya sufuria mpya ya mama. Mama alimgombeza wee, halafu akakaa chini naye kutazama mapovu.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Ngui, fundi wa mitambo. Walijaliwa Mbula na Nzioka. Wote wawili waliajiriwa katika kiwanda kimoja cha kemikali kule Athi River, Winrose kwenye maabara, Ngui kwenye mabomba ya asidi moto.

Mwaka 1996 Winrose alipima kipande cha bomba la titani, akakuta limeingiwa na haidrojeni. Gesi hiyo ikizidi ndani ya titani huungana nayo, sehemu ya metali ikageuka haidridi. Haidridi haipindi. Hupasuka kama kigae.

Alimwendea meneja, Josphat, amwombe asimamishe mtambo. Josphat alicheka. "Mama Mbula, titani haishiki kutu."

"Sijasema kutu."

Mtambo haukusimamishwa. Tarehe 9 Juni 1997 bomba lilipasuka, na asidi ikamwua Ngui. Kabla hata hatujamzika, Josphat aliwaambia polisi kwamba Ngui alilipiga bomba kwa nyundo.

Winrose aliacha kazi, akamfuata Josphat kwa miaka miwili hadi akamfikisha mahakamani, hapo Machakos. Alipotoa ushahidi, hakimu alimruhusu ampe ukanda mwembamba uliokatwa kwenye bomba jipya la titani. "Vunja." Josphat alihangaika nao mpaka jasho likamtoka. Ukapinda tu. Ndipo Winrose akachukua ukanda wa bomba lililomwua mumewe, akauvunja kwa vidole mbele ya hakimu.

"Bwana Josphat, nyundo iko wapi?"

Josphat alifungwa. Siku alipoachiliwa, mwaka 2003, mtu wa kwanza kumwona nje ya lango la jela alikuwa Winrose, amevaa nguo nyeusi ya matanga. Hakumsalimu. Alitaka tu aonekane.

Kansa ya ini ilimpata mwaka 2005. Mchungaji alimsihi amsamehe Josphat. Winrose alimjibu, "Aje kwanza aseme kwamba alimsingizia Ngui. Mlango wangu haufungwi." Josphat hakuja. Tarehe 21 Februari 2006 dada yetu alifariki katika hospitali mjini Machakos, akiwa hajamsamehe.

Ameacha mama yake, watoto wake Mbula na Nzioka, na sisi ndugu zake.

Asubuhi ya leo Josphat ametuma shada la maua. Tumemrudishia kwa mkono wa yule yule aliyelileta.

Winrose, wewe lala kwa amani. Sisi tuko macho.