Mbu wa Kulishwa Sukari

Fundi cherehani alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo ndani ya treni, mama mmoja mtafiti alikuwa akimweleza kazi yake mzee asiyemjua.

"Miaka ishirini nimehangaika na vimelea vya malaria," alisema mama. "Sasa nafuga bakteria. Tumewabadilisha ili wakiwa tumboni mwa mbu, waviue hivyo vimelea. Kila asubuhi nawawekea mbu pamba yenye maji ya sukari na bakteria hao, wanakunywa."

Mzee aligeuka mzima mzima. "Halafu wanakufa?"

"Hapana, mzee wangu. Tunataka wawe wazima, wazaane. Mwezi uliopita tuliwaachia wa kwanza huku mitaani."

"Mwanangu, mimi nimezika mjukuu kwa malaria. Wewe unamtibu mbu?"

Mama aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Mbu akiwa hana vimelea, mtoto haugui."

Fundi hakujua acheke au akasirike. Tangu azaliwe, dawa ya mbu aliyoijua ni kofi, na sasa hata kofi lenyewe limeingia utata!

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, mbu alitua mkononi mwa mtafiti. Pa! Mama alimpiga bila hata kufikiri.

Mzee aliinama kuangalia. "Huyo alikuwa wa kwetu au wa kwako?"

Mama alifungua kiganja, akakitazama kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu. Treni ikasimama.